Imamu al-Ghazali na Mpaka wa Burhani



Nimeombwa niseme juu ya imani na mpaka wa burhani, yaani hoja ya yakini. Na kwa kuwa jambo hili likisemwa kwa jumla huwa moshi, laonekana lakini halishikiki, nimeona heri nilifunge kwa mtu mmoja, Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika Uajemi mwaka 1058, na ambaye kitabu chake cha Ihya kingali kikisomeshwa katika darsa za pwani yetu, ingawa kisa cha shaka yake hakisimuliwi kwa wingi kama mawaidha yake.

Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal aeleza jinsi alivyotafuta elimu isiyoingiliwa na shaka. Alianza na hisia, akaona jicho lakitazama kivuli na kudhani kimetulia, kumbe chatembea. Laitazama nyota na kuikadiria sawa na dinari, na huku burhani za handasa, elimu ya vipimo na maumbo, zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akili ilipokwisha kuliumbua jicho, likamjia swali la kutisha: nani ajuaye kama nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine, ambaye akitokea ataiumbua akili vilevile, kama mwamko uumbuavyo ndoto? Kulijibu kwahitaji hoja, na kila hoja hujengwa juu ya misingi ya akili, nayo misingi hiyo ndiyo iliyoshtakiwa. Kwa karibu miezi miwili alikaa na maradhi hayo, hata akapona, si kwa mpango wa hoja, asema, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake.

Wengi wakifika hapa hufunga kitabu kwa furaha, wakidhani akili imekwisha kushindwa. Naona wamefunga mapema mno, kwani faida ya kwanza ya nuru ile ilikuwa kumrejeshea yakini ya mambo kama vile kumi kuwa zaidi ya tatu. Haikumtoa katika akili, ilimrudisha. Na katika dibaji ya Tahafut al-Falasifa, kitabu kilekile kiwashambuliacho wanafalsafa, awakemea wale wanaodhani kuwa kubishana na wataalamu wa falaki juu ya kupatwa kwa jua na mwezi ni kuitetea dini, hali wataalamu hao wana burhani za handasa na hisabati zisizo na shaka.

Jambo lililompata Baghdad ni jingine, si la shaka ile. Huko aliwekwa mwaka 1091 kuwa mudarisi wa madrasa ya Nizamiya, akawa na wanafunzi 300. Lakini mwaka 1095, baada ya kuvisoma vitabu vya masufi, alitambua kuwa kilichosalia katika njia yao hakipatikani kwa kusikia, bali kwa dhauki, yaani kuonja mwenyewe. Tabibu aliye mgonjwa aijua tarifu ya afya, sababu zake na dawa zake, na afya yenyewe hanayo. Miezi sita alivutwa huku na huku, mpaka ulimi ukafungika darasani, chakula kikagoma kushuka na matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipouacha mji, cheo na mali.

Nayataja hayo aliyoyapitia kwa ajili ya dhauki kwa makusudi, maana namwonea shaka mtu ambaye, akishashindwa kwa hoja barazani, hukimbilia kusema kuwa yeye ameonja. Dhauki ni hoja kwa aliyeonja; kwa jirani yake ni habari, na habari haimlazimishi mtu.

Basi asiyeonja atamjuaje nabii wa kweli? Al-Ghazali hakumwelekeza kwenye miujiza peke yake, kwani fimbo kugeuka nyoka yaweza kudhaniwa kuwa uchawi. Amwambia ajifunze kidogo: aliyeonja fikihi humtambua al-Shafi'i kuwa ni faqihi, na aliyeonja utabibu humtambua Jalinusi kuwa ni tabibu, japo hakuwaona; vivyo hivyo ayajaribu maneno ya Mtume katika ibada, mara moja, mara elfu, mara maelfu, mpaka elimu ya lazima, isiyoweza kukanushwa, impate pasipo yeye kuweza kuonyesha ni mara ya ngapi iliyomletea.