Haki ya Matunzo kwa Mwenzi Mgonjwa Wakati wa Shauri la Talaka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tutasema machache juu ya jambo lililoletwa mbele ya Kamati yetu zaidi ya mara moja mwaka huu, nalo ni hali ya mume au mke aliye mgonjwa sana, ambaye mwenzake ameomba talaka.

Tuanze na dada mmoja, ambaye jina lake hatutalitaja. Figo zake zimeshindwa kazi, na mara mbili kila juma hana budi kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Mumewe alipopeleka shauri kortini, ndugu za dada huyu walikuja na gari, wakamchukua yeye na sanduku lake mpaka kijijini, wakidhani wanamwokoa na aibu. Huko mashine haipo. Alipofika ofisini kwetu miguu ilikuwa imevimba, na swali lake lilikuwa moja tu: "Je, ningoje mpaka talaka itolewe ndipo niombe chochote?"

La, asingoje. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 77, yaipa korti uwezo wa kuamuru matunzo yalipwe wakati shauri lingali linasikilizwa, kadhalika wakati wa kutoa talaka na hata baada yake. Tena sheria yasema mwenzi, haisemi mke. Mume aliyepooza aweza kuomba kwa mkewe mwenye mshahara. Wazee wengine walicheka tulipowaambia hivi, walakini ndivyo ilivyoandikwa. Ndugu zetu Waislamu hupeleka mashauri yao kwa Kadhi, na huko taratibu ni nyingine.

Wengi huogopa kwamba ugonjwa wenyewe ni kosa. Katika ndoa ya serikali sheria yataja ugonjwa mmoja tu kuwa dalili ya ndoa kuvunjika kabisa, yaani wazimu usiotazamiwa kupona, tena uwe umethibitishwa na madaktari wawili, mmoja wao awe mjuzi wa magonjwa ya akili. Figo, saratani na kiharusi havimo.

Lakini matunzo hayaji yenyewe kwa kuwa mtu ameolewa. Korti zetu zimesema mara nyingi kwamba mwenye nguvu za kufanya kazi asimfanye mwenzake kuwa mto wa kuegemea. Hapo ndipo wagonjwa wetu hushindwa, maana huleta barua ya daktari yenye jina la ugonjwa tu. Barua hiyo yapasa ieleze kama mtu aweza kufanya kazi au hawezi, na matibabu yatadumu muda gani. Pamoja nayo ziwekwe stakabadhi za dawa, nauli za kwenda hospitali, na habari za mapato ya mwenzi, kwani korti haiwezi kuamuru mtu alipe asichokuwa nacho. Hali ikibadilika, kwa mfano ugonjwa ukizidi, korti yaweza kuombwa ibadilishe amri yake. Yafaa pia kuuliza mapema juu ya bima ya afya, ikiwa mgonjwa ameandikishwa kwa jina la mwenzake kazini.

Na juu ya nyumba: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mtu kumfukuza mwenzi wake katika nyumba yao ndoa ingali ipo, isipokuwa kwa amri ya korti. Ndugu wa yule dada walimtoa mahali ambapo mumewe mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kumtoa. Hatuwalaumu, walikuja kwa upendo.

Dada huyo amekwisha kurudi nyumbani kwake, na hospitali yampokea kama zamani. Maombi yake ya matunzo yamo kortini, yangoja siku ya kusikilizwa. Mwanachama mwenye shauri kama hili na amwone Katibu Jumamosi asubuhi, aje na barua zake zote.