Siku Tuliyofurahi Kuliko Zote

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja wa karakana mbele ya mkutano wa tawi



Tumeagizwa na Halmashauri ya tawi tuseme maneno machache juu ya likizo, au livu kama tuitavyo sisi wenyewe. Msiwe na wasiwasi, hatukuja na daftari kubwa. Tumekuja na swali moja. Juma lililopita, wakati wa chai, tuliwauliza wenzetu mmoja mmoja: Tangu uanze kazi hii ya reli, siku gani ulifurahi kuliko zote? Walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kisha wakajibu. Majibu yao ndiyo hotuba yetu ya leo.

Wa kwanza ni dereva wa gari la mizigo. Tulidhani atataja siku alipokabidhiwa injini kwa mara ya kwanza. La. Alisema kwamba usiku mmoja aliteremka kutoka Timboroa katika ukungu, nyuma yake mabehewa yamejaa mzigo, na reli zimelowa mvua. Breki zilishika vizuri, akafika Nakuru salama, akatoa zamu, akafika nyumbani alfajiri. Watoto walikuwa wakinywa uji kabla ya kwenda shule. "Siku zote nawakuta wamekwisha ondoka," alisema. "Siku ile nilikunywa uji pamoja nao. Ndiyo siku yenyewe."

Wa pili ni mtu wa gangi, wale wanaotengeneza njia na kubadili mataruma. Kwa miaka sita kila mvua za kwanza zilipoanguka, yeye alikuwa kazini akijaza mawe mahali maji yalipochukua tuta. Mwaka wa saba livu yake ilikubaliwa wakati wa kupanda. Alipanda maharage na mama yake siku mbili, mama akichimba na yeye akitia mbegu, kama alipokuwa mtoto. Alisema hajapata kufurahi namna ile tena.

Wa tatu ni dada yetu karani wa tiketi. Alisema ni asubuhi moja katika ile miezi mitatu ya uzazi. Mtoto ameshiba, amelala kifuani, mvua inanyesha nje, "na hapana mtu aliyekuwa akiningoja dirishani."

Wa nne ni kijana, fita. Yeye alitaja siku aliyofaulu mtihani wa daraja. Alimpigia baba yake simu. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema neno moja tu: "Endelea." Jibu hili tunaliheshimu. Kazi yenyewe ina furaha yake, na mtu asiyeona fahari akisikia injini aliyoitengeneza inavuta vizuri, huyo alikosea njia alipokuja reli. Lakini hata kijana huyu alipofurahi alimtafuta wa kufurahi naye.

Wa tano ni mzee wetu, fita pia, ambaye amebakiwa na muda mfupi kabla ya kustaafu. Hakujibu. Alisema, "Nitawajibu kesho." Kesho yake alikuja akasema: "Usiku sikulala, nilikuwa nikizitafuta. Nimeona siku nne. Nimezihesabu tena na tena. Siku ya arusi ya binti yangu, na siku tatu nyingine. Siku zote nne nilikuwa livu." Kisha akachukua spana akarudi kazini.

Ndugu zangu, maneno hayo yalituchoma. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi, na zile siku nne zote zimetoka katika livu! Na mzee huyu, tunavyomjua, mara nyingi alikubali kupewa fedha badala ya siku zake. Basi ni siku ngapi nyingine za namna hiyo zilizouzwa kabla hazijazaliwa?

Mtatuuliza: Na ninyi mnaosema, siku yenu ni ipi? Haki yenu kuuliza. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa tulikuwa zamu ya usiku, na siku ya pili tulirudi zamu, na ya tatu vile vile. Sheria ilitupa majuma mawili lakini hatukuyaomba. Hapana mtu aliyetukataza, tuliona haya. Tuliogopa wenzetu watasema, "Kwani ni wewe uliyezaa?" Mtoto wa pili alipokuja tulijaza fomu. Wenzetu walicheka kama tulivyodhani, na kicheko hakikutuvunja mfupa. Majuma mawili tulifua nguo za mtoto, tulichota maji, tulipika uji wa mama yake, mara ya kwanza ukaungua. Mama yetu mzazi alikuja kumtazama mjukuu akatukuta na beseni la nguo. Akasimama mlangoni akasema, "Mwanangu, baba yako hakuniletea hata maji. Lakini usiache." Hizo ndizo siku zetu. Mtoto huyu wa pili twaijua sauti ya kilio chake cha kwanza, na tulimwona kitovu kilipoanguka. Ya yule wa kwanza tumesimuliwa tu, na kila tukimtazama twajua tuna deni ambalo halilipiki.

Sasa yafaa tukumbuke siku hizi zilitoka wapi, maana hazikuanguka kutoka mbinguni. Wakati wa ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kama kwamba hana mke wala mtoto. Vyumba vya reli kule Muthurwa, Nairobi, vilijengwa kwa kipimo hicho hicho, chumba kimoja kwa mtu na vyote alivyo navyo. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja na wengine wengi, waligoma mji mzima ukasimama. Mwaka 1954 kamati ya serikali, mwenyekiti wake Bwana Carpenter, ilichunguza mishahara ikakubali kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kazi za matajiri, na karibu robo katika kazi za umma, walipata mshahara usiotosha hata mahitaji ya lazima. Kamati hiyo ilishauri mshahara upimwe kwa mtu mwenye jamaa. Ndugu, tazameni: mpaka mwaka 1954 ilikuwa bado ni jambo la kujadiliwa kama mfanya kazi ni baba wa mtu!

Leo sheria inasema wazi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12 ya kazi. Inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Inampa mama miezi mitatu ya uzazi, na baba majuma mawili, kwa mshahara kamili. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inalinda haki yetu ya kutendewa sawa kazini, ya kuingia katika chama, na ya kugoma. Waliotutafutia haya wengine walifukuzwa kazi, wengine walifungwa. Hawakuteswa ili sisi tuone haya kujaza fomu.

Twajua mtasema: Karo ya shule je? Mabati je? Sisi pia tunanunua mabati, na hatumcheki mtu aliyeuza siku zake kwa sababu ya shida. Lakini tufikiri vizuri. Ikiwa mshahara hautoshi karo, dawa yake ni meza ya mapatano, chama kikae na tajiri tuombe nyongeza kwa sauti moja. Mtu akiuza livu yake ili afunike upungufu wa mshahara, anamsaidia tajiri aseme kwamba mshahara unatosha. Na fedha ikipotea huweza kutafutwa mwaka ujao, lakini kitovu cha mtoto huanguka mara moja, na mama hapandi nawe maharage milele. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wengine watasema: Hapana mtu wa kushika zamu yetu. Hilo ni kweli mahali pengi, nalo ni jambo la hatari, maana dereva aliyechoka akiteremka katika ukungu haendi peke yake, ana mabehewa nyuma na watu mbele. Lakini upungufu wa watu ni mzigo wa tajiri kuutatua kwa kuajiri. Hauwezi kulipwa kila mwaka kwa siku za watoto wetu.

Basi tunaomba mambo manne. Kwanza, kila mmoja aombe livu yake mapema, kwa maandishi, na abaki na nakala. Pili, ikikataliwa, apeleke nakala hiyo kwa mwakilishi wa chama katika karakana yake siku ile ile, asikae akinung'unika kwenye chai. Tatu, akina baba, chukueni majuma yenu mawili, na atakayemcheka mwenzake na amkumbuke mzee wetu. Nne, tunapopangiwa kushika zamu ya mwenzetu aliye livu, tuishike bila kinyongo, kwa sababu kesho ni yeye atakayeishika yetu.

Mzee wetu yuko hapa ndani, ametupa ruhusa tuseme habari yake, ila jina lake tulifiche. Jana alitwambia ameomba siku zake zote zilizobaki, na kwamba anataka kupanda miche ya miembe na wajukuu. Tulimwambia miembe huchukua miaka kabla ya kuzaa. Alijibu, "Najua. Mimi nataka ile siku ya kupanda."

Ndugu na dada, mkifika nyumbani usiku huu, hesabuni siku zenu kama alivyozihesabu yeye. Kisha kesho, kabla ya zamu, mpite ofisini mchukue fomu.

Umoja ni nguvu.