Kwa Nini Tunaomba Miwani ya Watoto



Nimeombwa, kama muuguzi, nieleze kwa nini orodha ya mahitaji ya wodi ya watoto mwaka huu ina miwani ya uhalisia pepe. Najua wengine mmeguna: shuka hazitoshi, miwani ya michezo ya nini?

Ndugu zangu, maumivu ya mtoto hayaishii chumba cha upasuaji. Hurudi bandeji inapobadilishwa na anapotakiwa kusimama. Nimewahi kumshika miguu mtoto anayelia huku mwenzangu akisafisha kidonda. Siku iliyofuata aliponiona tu mlangoni, alianza kulia. Mtoto mwenye hofu hiyo hakubali kutembea wala kukohoa, na kupona kwake huchelewa.

Kule Seattle, Marekani, katika miaka ya 1990, watafiti Hunter Hoffman na David Patterson walianza kuwavalisha miwani hii wagonjwa walioungua moto. Katika mchezo wao, SnowWorld, mgonjwa hujiona kwenye bonde la barafu akirusha mipira ya theluji wakati kidonda kinasafishwa. Wagonjwa walisema maumivu yamepungua. Picha za ubongo za watu waliojitolea, zilizochapishwa mwaka 2004, zilionyesha sehemu zinazohusika na maumivu zikitulia. Leo njia hii hutumika pia kwa watoto waliofanyiwa upasuaji.

Si uchawi. Akili ikishughulika na jambo moja, nafasi ya kusikiliza maumivu hupungua. Bibi zetu walilijua hilo: walituimbia huku wakitutoa mwiba.

Lakini miwani haichukui nafasi ya dawa. Pia huwaletea baadhi ya watoto kichefuchefu, na mwenye kifafa asivalishwe bila daktari kuruhusu. Kwa hiyo naomba michango yenu ifuate mpangilio huu: kwanza, dawa za maumivu zisikosekane wodini; pili, wauguzi wafundishwe kupima maumivu kwa kumuuliza mtoto mwenyewe; tatu, miwani na vifaa vya kuisafishia. Fedha zikipungua, tukate la tatu, tusiguse la kwanza.

Na miwani isipopatikana, mama aruhusiwe kukaa karibu na mwanawe na kumsimulia hadithi. Hilo halihitaji mchango wa mtu.

Haba na haba hujaza kibaba.