Panga, Kishoka au Shoka: Kila Kifaa na Mti Wake

Mazungumzo kwa wakazi wa Dagoretti, Kilimani, Kangemi na Westlands kabla ya mvua ya masika



Masika yanapokaribia, kazi ya miti huanza katika mitaa ya magharibi ya Nairobi. Kule Lavington ua la kayaba limefurika hadi njia ya wapita kwa miguu. Kangemi kuna tawi la jakaranda lililolalia paa la mabati. Kawangware mwenye kibanda cha githeri anataka kuni zake zipasuliwe zikauke kabla mawingu hayajafika. Karibu kila ploti ina panga moja, na panga hilo ndilo hufyeka nyasi, hukata ua, huchonga vigingi na kufungua mikebe ya rangi. Siku ya kupasua gogo, hutolewa hilo hilo. Hapo ndipo watu huumia.

Wengi hudhani panga, kishoka na shoka hutofautiana kwa ukubwa tu, kwamba mwenye nguvu anaweza kufanya kazi zote kwa kimoja. Sivyo. Panga hukata kwa wembamba na mwendo wa mkono. Shoka hukata kwa uzito wa kichwa chake, na lina mashavu mapana yanayousukuma mti ufunguke. Panga halina mashavu. Likizama ndani ya gogo, mti hulibana pande zote mbili, na mkataji huanza kulivuta huku na huku akiwa ameinama juu ya makali. Likichomoka ghafla, hakuna ajuaye litaelekea wapi.

Bapa la panga la kawaida lina unene wa milimita 2 au 3, na urefu wa karibu nusu mita. Kazi yake ni mti mbichi unaopinda: matawi ya ua, lantana, magugu, machipukizi ya mwati, migomba. Tawi la unene wa kidole gumba hukatika kwa pigo moja. La unene wa kifundo cha mkono huhitaji mapigo machache ya mshazari, kwa sababu panga likipigwa wima kwenye tawi hudunda. Zaidi ya hapo, au mti ukiwa mkavu, panga liwekwe chini.

Kayaba ina hatari yake. Miiba yake ni mirefu na migumu, kwa hiyo mkataji hulishika tawi kwa ncha za vidole, akilivuta kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipiga. Mkono ulioshika tawi ndio unaokatwa. Afadhali akate kijiti chenye ndoano mwishoni, alivute tawi kwa hicho, mkono wake ubaki mbali. Akate akitoka kwake kwenda nje, na kuelekea juu pale inapowezekana, kwa sababu pigo la kushuka huishia kwenye goti au mguu. Na watoto wasisimame nyuma yake kutazama. Mpini uliolowa jasho huteleza, na panga lililomponyoka mtu huruka mbali.

Shoka la kupasulia kuni lina kichwa cha kilo moja na nusu hadi mbili, na mpini wa sentimita 80 au 90. Huogopwa kwa uzito wake, lakini kwa kazi nzito ndilo salama zaidi kati ya vifaa hivi vitatu, ilimradi litumiwe na mtu aliyesimama vizuri. Sababu ni mpini mrefu. Mkataji akisimama miguu imeachana, gogo likiwa mbele yake juu ya kisiki kinachofika chini kidogo ya goti, pigo likikosa huzama kwenye kisiki au ardhini, mbele ya vidole vyake. Wakati shoka linashuka, ainame kidogo kwenye magoti ili lishuke wima. Anayepiga akiwa amenyooka kama mlingoti hulirudisha shoka miguuni pake.

Gogo nalo lina tabia zake. Mkaratusi, ambao ndio wengi hununua kwa kuni, hupasuka vizuri ungali mbichi. Ukikauka hukaza, na nyuzi zake mara nyingi zimejisokota. Anayenunua mkaratusi aupasue wiki ile ile ulipokatwa, kisha aanike vipande. Gogo likiwa na nyufa, shoka lifuate ufa. Likiwa pana, lianzwe kwenye kingo na kumenywa kidogo kidogo, kwa maana pigo la kwanza katikati ya gogo pana hupoteza nguvu bure. Gogo lenye fundo la tawi huhitaji kabari ya chuma na nyundo nzito, au liachwe. Kisogo cha shoka kisigongwe kwa nyundo, na vivyo hivyo mgongo wa panga, jambo linaloonekana sana vibandani. Chuma kikipiga chuma kigumu hutoa vipande vinavyorukia macho. Panga likilazimika kugongwa ili lipasue kijiti, ligongwe kwa rungu la mti.

Sasa kishoka. Dukani ndicho kinachoonekana cha upole: kichwa cha nusu kilo au zaidi kidogo, mpini mfupi wa mkono mmoja, hata mtoto anaweza kukiinua. Lakini ufupi ule ndio ubaya wake. Mtu aliyesimama akipiga kwa kishoka na kukosa, kichwa hakifiki ardhini. Huzunguka na kuishia kwenye muundi au goti. Mpini wa shoka refu ungekuwa umeshagonga chini. Ndiyo maana anayetumia kishoka hupiga magoti mbele ya kisiki kipana, kiasi kwamba pigo likikosa, kisiki au ardhi vilipokee kabla ya mguu. Akitaka kupasua kijiti kidogo cha kuwashia moto, asikishike kwa vidole na kukilenga. Aweke makali juu ya kijiti, yazame kidogo, kisha ainue vyote viwili pamoja na kuvigonga kwenye kisiki. Ni polepole, lakini vidole haviko njiani.

Kwa kaya yenye fedha za kununua kimoja tu, kishoka ndicho cha mwisho kuhitajika. Mwenye bustani atanufaika zaidi na panga, akiongeza msumeno wa kupogolea siku za mbele. Msumeno, hasa kwa tawi nene karibu na ukuta au paa, hushinda vyote: hukatwa kwanza upande wa chini kidogo, kisha juu, ili tawi lisichune ganda likishuka. Mwenye kibanda cha kuni anunue shoka.

Vifaa hivi hupatikana kwenye maduka ya hadwea ya katikati ya jiji, na kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao hufua mashoka na visu kutokana na springi za magari makuukuu. Chuma cha springi ni kizuri kwa makali kikiwa kimefuliwa na kupozwa inavyopasa. Mnunuzi aangalie kama kuna ufa, hasa pale chuma kinapokutana na mpini, na agonge kwa kidole: chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Mpini ndio sehemu inayodanganya. Shoka la kiwandani lina tundu, na mpini hukazwa ndani yake kwa kabari. Miezi mikavu ya Januari na Februari mti wa mpini husinyaa, kichwa kikalegea, na siku moja kikaruka. Wengi hulitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji usiku. Mti huvimba na kukaza kweli, kisha hukauka tena na kulegea zaidi ya mwanzo. Kabari mpya ndiyo dawa. Mashoka ya kienyeji, kama ithanwa la Wakikuyu, hutumia njia nyingine: mkia wa chuma hupenya kwenye kichwa kinene cha mpini, na kila pigo huukaza zaidi. Ni ufundi wa busara, ila ufa ukionekana kwenye kile kichwa cha mti, mpini huo umekwisha.

Panga jipya huuzwa bila makali ya kutosha, na butu ni hatari kuliko kali, kwa sababu huteleza badala ya kuzama. Wanoaji wanaozunguka mitaani na mashine ya baiskeli hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Jambo moja la kumsihi mnoaji: achovye panga majini mara kwa mara. Chuma kikipata rangi ya buluu kwenye makali kimeungua, na makali hayo hayatakaa. Panga lipewe makali membamba. Shoka liachiwe makali manene kidogo, la sivyo yatameguka kwenye fundo la kwanza. Nyumbani, tupa na kinoo vinatosha.

Kuna kazi ambazo hakuna kati ya vifaa hivi kinachofaa. Tawi lililogusa waya wa umeme lisiguswe na mkazi wala mlinzi wala fundi wa bustani, hata kwa panga lenye mpini wa mbao, kwa kuwa mti mbichi hupitisha umeme. Kenya Power hupigiwa kwa nambari 97771. Mti mzima ulioinama baada ya mvua, mizizi ikiwa imeinuka, una uzito na mvutano usioonekana kwa macho. Huo ni wa watu wenye kamba na vyombo. Miti ya kando ya barabara si ya mwenye ploti iliyo mbele yake. Anayetaka kukata mti mkubwa ndani ya kiwanja chake aombe kwanza kibali kwa idara ya kaunti inayosimamia mazingira. Wakazi wa Westlands wanaukumbuka mugumo wa Waiyaki Way, ambao mwezi wa Novemba 2020 uliokolewa kwa agizo la Rais wakati barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa. Mti ule ulikuwa umesimama zaidi ya miaka 100. Kuuangusha kungekuwa kazi ya siku chache.

Kubeba vifaa hivi mjini kuna adabu yake pia. Jiji hili lina kumbukumbu mbaya za panga, na abiria akiona makali wazi ndani ya matatu nambari 46 ana haki ya kuogopa. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha nia ya kutenda uhalifu. Fundi wa bustani si mhalifu, lakini asimpe mtu sababu ya kumshuku: makali yafungwe kwa kadibodi na gunia, yakazwe kwa kamba, risiti ibaki mfukoni ikiwa kifaa ni kipya. Waajiri wa Kileleshwa na Karen wangefanya vyema zaidi kuweka vifaa vyao wenyewe katika stoo, ili mfanyakazi asilazimike kuvuka mji navyo kila asubuhi.

Mtu akikatwa, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia, na mguu au mkono uinuliwe. Kahawa, majivu na mafuta ya taa visipakwe. Kidole kikikatika kabisa kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo juu ya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Kisha hospitali, mara moja: Mbagathi au Kenyatta kwa majeraha makubwa, na kwa madogo zahanati iliyo karibu. Hata jeraha dogo la panga lililochoma udongo laweza kuleta pepopunda, kwa hiyo mgonjwa aulizie chanjo asipokumbuka aliipata lini.

Na matawi yaliyokatwa? Yasisukumwe kwenye mtaro. Maji ya masika yakifika, matawi hayo hukusanya mifuko na chupa, mtaro huziba, na nyumba za chini ndizo hupokea maji. Mapana yakatwe vipande vya kuni, membamba yafungwe mafungu kwa kamba na kuwekwa kando ya lango, mbali na mtaro, hadi siku ya gari la takataka.