Mvua ya Kericho Haizimi Moto wa Ndani

Msikilizaji, sisi wa nchi ya majani chai tuna hofu nyingi: mvua ya mawe, bonasi kushuka, barabara kugeuka tope. Moto hatuuhofii sana. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, nasi tunajiona salama. Lakini moto unaoua watu huanzia ndani ya nyumba, na baridi yetu ndiyo inayoukaribisha.

Kuanzia Litein hadi Sotik, na kwenye laini za wafanyakazi wa mashamba makubwa, jioni ya Julai ni ile ile. Jiko la makaa linaingizwa ndani, dirisha linafungwa, nguo mbichi zinaanikwa juu yake, watoto wanalala kando. Nguo moja ikianguka, godoro linawaka. Hata isipoanguka, makaa yanayowaka pasipo hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, na mtu haamki tena. Ukimaliza kupika, jiko litoke nje kabisa.

Wenye mitungi ya gesi nao wasikilize. Ukinusa gesi, usiguse swichi, iwe kuwasha au kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa; hutanda sakafuni, na cheche moja inatosha kuilipua. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima jiko, funika sufuria, na maji usithubutu kumwaga.

Moto ukikushinda, uache. Inama chini ya moshi, toa watu, vuta mlango nyuma yako, piga mayowe, kisha piga 999 au 112. Usirudi kuchukua simu wala kitambulisho. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala siagi.

Sasa nisemalo haswa ni hili. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: madirisha ya bweni yasiwe na grili, milango ifunguke kwa nje. Septemba 2024 wavulana 21 walipofariki kwa moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, sote tulipaza sauti kudai shule zifuate sheria. Usiku huo huo tulilala nyuma ya grili zilizochomelewa na kufuli ambayo ufunguo wake ulipo anajua baba peke yake. Mwizi tumemfungia nje, na familia tumeifungia ndani.

Wenye nyumba za kupangisha, wekeni grili moja inayofunguka kutoka ndani. Nanyi serikali za kaunti za Kericho na Bomet, Katiba ya 2010 iliwakabidhi kazi ya kuzima moto. Wananchi wakiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, waulize: gari la zima moto lililo karibu nasi liko wapi, lina maji, na likiitwa usiku wa mvua litafika Konoin baada ya dakika ngapi?

Jibu hilo tutalidai. Ila usiku wa leo, kabla hujalala, utundike ufunguo mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili ataufikia gizani.