Nani Hupanga Posho ya Bodi?

Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kolandoto



Nimeombwa niseme juu ya bodi za mashirika ya umma. Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Hapo Mwadui kwa jirani zetu, Serikali ina hisa katika mgodi wa almasi. Hisa hizo ni mali yenu na yangu.

Nilipoanza kazi nilikuwa karani wa kuandika kumbukumbu za vikao vya bodi ya shirika moja. Siku moja ajenda ya madeni ya shirika iliahirishwa kwa kuwa muda haukutosha. Ajenda ya kuongeza posho za wajumbe, iliyoletwa na menejimenti, ilipita bila swali hata moja. Katika kikao hicho hicho bodi ikapitisha nyongeza ya mishahara ya menejimenti. Niliandika yote, nikanyamaza. Mpaka leo naona haya.

Kosa liko wapi? Msimamizi na msimamiwa walipimiana nafaka, na mwenye ghala hakuwapo.

Taifa letu limelijua tatizo hili siku nyingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, na kupokea mishahara miwili au zaidi. Mwaka 1991, kule Zanzibar, Chama kililegeza masharti hayo. Machi 2016, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema wapo waliokuwa wakilipwa hadi shilingi milioni 40 kwa mwezi, akatangaza kwamba mwisho uwe milioni 15.

Kikomo ni kizuri, lakini hakitoshi. Mshahara mdogo haumwondoi mzembe, na kazi nzito yastahili malipo ya haki. La maana ni haya: kwanza, malipo yaamuliwe na mwenye mali, yaani umma, kupitia kwa Msajili wa Hazina. Pili, yaandikwe wazi katika hesabu za mwaka. Tatu, shirika lenye hasara lieleze kwa nini limepandisha posho.

Ndugu wanafunzi, mazoezi huanzia katika ushirika wa shule. Kamati ikitaka kujigawia soda na madaftari ya bure, shauri liletwe mbele ya wanachama wote. Na karani asinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.