Kinachokuvutia Ndicho Unachokikumbuka



Je, umewahi kumsikia mke akimwambia mumewe, "Siku ile ulivaa kanzu ya kijivu, ukasema hivi na hivi"? Mume kaduwaa, hata siku yenyewe haikumbuki! Basi ugomvi huanzia hapo: "Hunijali!"

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Kwa wastani, wanawake huwashinda wanaume kidogo katika kukumbuka maneno na nyuso. Wanaume nao huongoza katika baadhi ya majaribio ya njia na ramani. Lakini ni wastani tu, na tofauti yenyewe ni ndogo. Kwa hivyo usiifanye kuwa tusi. Bi Aisha (r.a.) amepokewa hadithi zaidi ya 2,000, nani atasema mwanamke hana kumbukumbu?

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, walitangaza jambo la ajabu. Wanawake walionyeshwa picha ya kitu huku sauti ikikitaja jina. Kisha wakapewa picha mbili zinazokaribiana, wachague ile waliyoiona. Walikumbuka vizuri zaidi vitu vilivyotajwa kwa sauti nzito ya kiume, na sauti hiyo ndiyo waliyoipenda. Yaani kinachovutia hubaki akilini.

Hapa ndipo penye hatari, ewe kijana unayetafuta mchumba. Usidhani akili yako inaweka hesabu ya haki. Sura nzuri au sauti tamu huandikwa kwa wino. Ahadi iliyovunjwa na ukali kwa wadogo huandikwa kwa chaki. Ndio maana wazee husema ulizia kwanza. Mama, shangazi na majirani hawakuvutiwa kama wewe, kwa hivyo wanakumbuka uliyoyasahau.

Mwaka 1989, David Buss wa Marekani alichapisha utafiti wa watu zaidi ya 10,000 kutoka nchi 33. Wanaume walitilia mkazo zaidi sura na ujana, wanawake uwezo wa kipato. Lakini wote wawili waliweka wema na akili juu ya hayo.

Basi ukitoka kumuona mtu, jiulize: nimekumbuka wema gani wake? Ukikosa jibu, usiharakishe posa.

Wabillahi tawfiq.